Jua Letu Huzama Kabla ya Lile la Akina Wendy

Jumatano, 4 Juni

Habari kubwa! Mzee Makau, mzee wetu wa kanisa, ametangaza kwamba Sabato hii ya wageni amri ya nne itasomwa na kijana. Si yeyote tu. Ni yule atakayeitunza Sabato vizuri zaidi, kuanzia jua la Ijumaa likizama. Wendy, binti ya shangazi yangu, akatabasamu kana kwamba ameshapanda mimbarani. Ngoja.

Susu, bibi yangu mzaa mama, atakuja kutoka Muthetheni. Yeye ni Mkatoliki, lakini amesema nikisoma mimi, atakuja hata kwa miguu. Hajawahi kunisikia nikisoma mbele ya watu. Ee Mungu, nisome mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua jambo! Nyumba yetu iko bondeni, mahali kilima hufunika jua mapema. Akina Wendy wako juu kabisa. Sisi tukiwa kivulini, kuku wao bado wanaota jua. Kwa hiyo Sabato huanza kwetu kwanza! Nitaingia kabla ya Wendy. Na kesho kutwa jioni nitapanda kwao, nitoke Sabatoni kwa jua lao la kuchelewa. Kathiani nzima haijaona Sabato ndefu hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Jua lilipojificha, niliketi papo hapo. Mikono mapajani. Uso wa utakatifu.

Mama akauliza nani anaangalia muthokoi, mahindi na maharagwe yaliyo jikoni. Nikamjibu kwa upole kwamba Sabato imeingia. Akauliza imeingia kwa nani, mbona Wendy anaonekana kule juu akianua nguo kwenye jua. Nikasema kila mtu na jua lake.

Muthokoi umeungua. Punda alikuwa bado hajaenda mtoni. Mama akampeleka mwenyewe, akarudi, akapasua kuni, akapika upya, akapiga pasi gauni langu. Nilimwonea huruma sana, nikiwa nimeketi.

Susu alifika katikati ya moshi. Akasema amri inataka hata mtumishi na punda wapumzike, na yeye amewapita wote wawili wakitoka mtoni, na mmoja ni binti yake. Wakatoliki! Hawaelewi Sabato.

(Kuandika shajara si kazi. Nimelifikiria.)

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Mahubiri hayajafika katikati, Mama akalala. Kichwa begani pangu. Akakoroma. Nikamfinya. Akakoroma zaidi. Mzee Makau akakatiza mahubiri, akauliza dada yetu ana nini. Susu, mgeni, tena Mkatoliki, akasimama! Akaeleza yote: kivuli, muthokoi, punda. Kanisa likacheka mpaka Mzee Makau mwenyewe akajifuta machozi.

Kisha akasema Sabato si mashindano ya kuona nani ataketi kwanza. Ilitolewa ili waliochoka wapumzike. Akaomba Mama asiamshwe. Akamtazama shangazi: ameketi wima, macho maangavu, kwa sababu Wendy alimaliza kazi zote za nyumbani mapema.

Akasoma Wendy. Kwa bahati mbaya, akasoma vizuri. Nilimtazama Susu. Alikuwa akinitazama mimi.

Jioni sikupanda kilima.

Jumapili, 8 Juni

Nimemsindikiza Susu misa. Tulipotoka akasema hakutoka mbali hivyo bure, nimsomee amri yangu hapo nje. Nikasoma yote, mbele yake na mama mmoja muuza ndizi. Susu akanishika shavu, akasema ninasoma vizuri kuliko ninavyosikia. Wageni wakialikwa tena Septemba, atakuja. Bado kuna nafasi!

Na siri ya Wendy nimeijua: ushindi uko kwa mama. Mama yake alipumzika, basi wangu atapumzika zaidi. Kwa nini ningoje Sabato? Nimeanza leo, baada tu ya chakula. Nimemwingiza Mama chumbani, nimeshusha pazia, nimefunga mlango kwa nje. Ufunguo ninao.

Anagonga. Anasema nguo ziko kambani na mawingu yanakuja. Nimemjibu kwa heshima zote: pumzika, Mama. Susu ameketi ukumbini na rozari yake, mabega yanamtikisika. Nadhani anatuombea.

Sasa Mama ananiita kwa majina yangu yote matatu. Kwa mtu anayepumzika, ana nguvu nyingi mno. Mama yake Wendy hawezi kumfikia. Tukifanya mazoezi kila siku, Septemba ni yetu.