Malalamiko Dhidi ya Fundi Aliyesema Difu Yangu ni Nzima

Kwa Mkuu wa Gereji,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni yule dereva wa lori la bluu ambaye mafundi wako wakimwona getini wanakimbilia chooni. Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimekasirika.

Jumamosi hii lori langu linatakiwa kumpeleka binti yangu, mtoto wangu wa pekee, kwenye mji wa mbali alikopata kazi ya uuguzi. Kitanda, jiko, ndoo, kila kitu chake. Tangu siku alipotuambia ameipata kazi hiyo, difu ya nyuma, ile inayozungusha magurudumu, inanguruma. Nimelileta lori kwako mpaka nimechoka, na kila mara fundi wako mkubwa, yule mnayemwita Daktari, ananirudisha nyumbani na gari zima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Daktari alipandisha magurudumu ya nyuma kwa jeki, ya mbele akayazuia kwa mawe, gea akaitoa, akaingia chini ya lori. Akaishika ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, akaizungusha huku na huku kwa mkono. Akasema inacheza kidogo tu, kama inavyotakiwa. Basi nikaingia mwenyewe, nikaitikisa kwa nguvu zangu zote ili icheze zaidi, nikagonga kichwa kwenye chesisi. Hakuna aliyenipa pole. Walicheka, tena kwa sauti.

2. Alimwaga oili ya difu na kuichuja kwenye kitambaa cheupe akitafuta chenga za chuma. Hakuna. Nikamwomba atazame tena. Akatazama. Nikamletea miwani ya mama mkwe wangu, aliyeitoa kwa shingo upande. Jamani, fundi anayekosa hata chenga moja kwa miwani nene vile, kweli anatafuta huyo?

3. Tukaingia barabarani, mimi kwenye usukani, yeye pembeni. Akaniambia nikanyage mafuta, niachie, nikate kushoto, nikate kulia, kwa kuwa difu mbovu hubadilisha sauti kila unapoibana. Mngurumo ukaja, mzito kwelikweli, nikamwonyesha kwa kidole kwamba ndio huo. Akaniomba nifunge mdomo. Nikafunga, na mngurumo ukakoma. Tuliporudi alitangaza mbele ya gereji nzima kwamba difu haina neno, anayenguruma ni dereva. Mteja wa miaka yote hiyo anaaibishwa hivyo kweli?

4. Mke wangu, ambaye nilimleta awe shahidi wangu, akageuka shahidi wao. Akawaambia hata nyumbani nanguruma hivyohivyo, hasa binti anapokunja nguo zake. Naona mmekula njama.

Kwa hiyo naomba difu ifunguliwe yote, imwagwe mezani, na vipuri viagizwe mbali sana. Vikiwahi kufika, virudishwe. Hilo likishindikana, breki zikutwe na ugonjwa wowote mtakaoupenda. Na kama lori limegoma kabisa kuugua, basi niandikiwe mimi kwamba ni mbovu, nisiruhusiwe safari ndefu, maana dereva anayenguruma ni hatari kwa wenzake. Nyumba yetu ina vyumba viwili, Mkuu, na Jumapili kimoja kitakuwa kitupu. Naogopa. Haya, nimesema.

Nisalimie mafundi wote, mlinzi wa getini, mama anayewauzia chai, na hata huyo Daktari, ingawa hastahili.

Ni mimi, ninayesubiri kwa hamu gari langu liharibike,

Dereva wa lori la bluu.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, binti ameingia kuniambia nisihangaike tena na difu: ameshakodi lori la jirani. Jirani! Mtu anayeruka matuta kama anafukuzwa! Mkuu, futa yote niliyoandika hapo juu. Difu yangu ni nzima, haijawahi kutoa hata mguno, na breki zangu zinashika mpaka raha. Nakusihi mtume Daktari kwangu leo hii amhakikishie mwanangu, na akitaka nimpigie magoti nitampigia. Huyu mtoto nampeleka mimi.