Manowari Iliyotia Nanga Ndungu

Jumanne, 2 Julai 1968. Same.
Nimeipata! Bahasha ya wakati wa vita, imetoka kwenye manowari! Ni ya Bibi Koleta wa Chome, mama yake Jenoveva, msichana ninayemposa (kimoyomoyo, kwa sasa). Marehemu mumewe alikuwa mchochea moto katika jeshi la majini la Mwingereza. Majirani wanadai hakuvuka bahari yoyote; eti vita vyote alikuwa Mombasa kwa mwanamke. Bibi ameishi na maneno hayo mpaka leo. Akaniuliza kama muhuri wa posta unaweza kusema barua ilitoka wapi. Nikamwambia mihuri hainifichi kitu mimi, Linus. Gregori, karani wa shamba la mkonge, naye hukusanya mihuri kama mimi, tena anamtaka Jenoveva. Ameshatangaza ni Mombasa. Mshenzi!

Jumatano, 3 Julai.
Muhuri hauna jina la mji! Duara, tarehe, mistari ya mawimbi, basi. Manowari zilificha bandari zilizomo, adui asijue. Nimeyachunguza mawimbi. Makubwa. Kwa hiyo, bahari kuu. Sayansi! Nikaiosha bahasha kwa sabuni ili wino ung'ae.
Wino umeondoka.

Alhamisi, 4 Julai.
Nimetulia. Rafiki yangu Daudi ni karani wa chama cha wakulima wa mpunga, Ndungu. Nimeazima muhuri wake, nikagonga pale wino ulipofutika, kidogo tu, kwa pembeni, usisomeke.
Unasomeka hata na kipofu.

Jumapili, 7 Julai. Chome.
Saba Saba! Nimepanda mlima kwa miguu. Watu wakitoka kanisani, Gregori akaninyang'anya bahasha, akasoma kwa sauti: “Ndungu! Manowari ilipita kwenye mfereji wa mpunga?” Watu wakacheka hadi kushika mbavu. Bibi Koleta hakucheka. Akaipokonya. Ndipo karatasi ya mkaguzi wa barua, iliyobandikwa nyuma tangu vita, ikadondoka. Sabuni yangu ilikuwa imelegeza gundi! Chini yake, muhuri mwingine, mweusi, mzima.
Bibi akamwambia Gregori, “Wewe mwenye sauti, soma na huu.”
Akasoma kwa sauti ndogo. Kolombo. Mwalimu Anaeli akaeleza kuwa ni Seiloni, ng'ambo ya bahari.
“Alivuka!” Bibi akapiga kigelegele, kisha akaketi chini akalia. Waliokuwa wakicheka wakatazama viatu vyao. Akanishika mkono, akaniita mwanangu. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyepanga yote. Jenoveva akaninong'oneza nisioshe tena kitu cha mtu. Amenong'ona! Sikioni kabisa!

Jumatatu, 8 Julai. Same.
Sifa zimeshuka mlima kabla yangu. Mzee Swalehe wa Kihurio nimemkuta mlangoni na cheti cha ndoa cha marehemu baba yake, muhuri umefifia. Nikamwamkia, nikamwambia aniachie bila wasiwasi.
Sabuni ni ya wanaoanza. Nimenunua ndimu.