Dawa ya Homa Kwenye Pindo la Kitenge

Ndugu zangu, tangu asubuhi hii mimi ni kikojozi. Mtu mzima, mfamasia, mama wa watoto wawili! Musinicheke kwanza, musikilize.

Munajua mimi na mwenzangu Anifa tunatengeneza dawa ya homa kwa ile mizizi ya manjano, katika kile chumba chetu cha maabara hapa Kasongo. Dawa ni moja, ila tumeigandisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni chembe za manjano, zinang'aa, ukizitia kwenye maji zinayeyuka palepale. Ya pili ni unga wa kahawia, mgumu kuyeyuka, sura kama udongo wa kichuguu. Leo madaktari wa Kindu walikuja kuchagua moja ya kuendelea nayo. Wasipopenda hata moja, chumba tunanyang'anywa.

Mimi nilishachagua: ya manjano! (Napenda vinavyong'aa, munanijua.)

"Yaya, hatujaijaribu kwenye joto na unyevu," Anifa akaniambia; huniita yaya, dada mkubwa.

"Wewe una wivu na uzuri wake," nikamjibu.

Sasa, jana nililala kwa mama, kule kijijini Wamaza, na dawa zote mbili nilikwenda nazo kwa kuogopa panya wa maabara. Leo alfajiri nikafunga chembe kwenye karatasi, karatasi kwenye pindo la kitenge, hapa kiunoni, pale mama zetu wanapofunga kila kitu cha thamani. Ule unga mbaya nikauachia kopo la maziwa, kikapuni, chini ya samaki wakavu. Nikapanda pikipiki. Jua! Jasho! Manyunyu! Jasho tena!

Nilifika nimechelewa, nikaenda moja kwa moja mbele ya madaktari.

"Waheshimiwa, kwa kuyeyuka dawa yetu haina mpinzani!"

Ndipo nikasikia uvuguvugu unashuka pajani. Gotini. Kisiginoni. Kutazama chini, kidimbwi cha manjano sakafuni. Mama yangu weee!

Mkubwa wa madaktari akavua miwani, akasema kwa upole, "Mama, choo iko kule nyuma. Usiogope."

"Si mkojo, dokta! Ni dawa!"

"Ndiyo, mama. Ndiyo."

(Sauti ileile tunayomjibia mgonjwa anayeweweseka.)

Nikafungua pindo kuwaonyesha. Karatasi tupu, imelowa chapachapa. Chembe zangu nzuri zimekunywa jasho langu lote, zimekuwa maji. Anifa yuko chini ya meza, anacheka mpaka hana sauti. Mimi machozi yananitoka, maana nilikiona chumba chetu kinakwenda.

"Na ile ya pili iko wapi?" dokta akauliza.

Nikatoa samaki, nikatoa kopo. Akalifungua, akalitikisa. Unga mkavu kabisa, haujashikana hata kidogo.

"Tunachukua hii," akasema. "Kopo linanuka samaki, lakini dawa iko kavu."

Nilimrukia Anifa, tukacheza, na kitenge changu hivyohivyo kilivyolowa!

Kwa hiyo dawa imepona. Mimi bado, kwa sababu yule motari, dereva wa pikipiki aliyenileta, alikuwa amesimama mlangoni, na jioni hii kila pikipiki ninayoita inaniuliza kwanza kama nimeshapita chooni.