Kitenzi Kimoja kwa Inspekta Obwona

Jumatatu, 14 Julai 1975. Wandegeya.

Kibali chetu cha ukaazi kinakwisha tarehe 31. Karani wa uhamiaji amenieleza leo, kwa upole wa mtu anayewahi chakula, kwamba mkimbizi asiye na mdhamini serikalini atapandishwa lori la mpakani pamoja na mkewe, masufuria yake na maoni yake. Nilimshukuru. Ni miaka kumi na moja tangu tutoke Bukavu, na bado sijaona lori lililonifaa.

Alasiri Mungu akaleta mdhamini. Inspekta Obwona, wa kambi ya polisi iliyo nyuma yetu, alibisha hodi akiwa na uso wa mtu aliyejaza fomu. Ndivyo ilivyokuwa. Fomu iliuliza ni askari gani anajua lugha za wageni wa mkutano wa wakuu wa Afrika utakaofanyika hapa mwisho wa mwezi. Wenzake waliandika Kiingereza. Yeye aliandika Kihispania, kwa hesabu kwamba hakuna Mwafrika anayekisema, kwa hiyo hataitwa popote. Ameitwa. Kumbe Guinea ya Ikweta wanakisema. Jumamosi ya tarehe 26 atasimama Entebbe kumpokea katibu wa ujumbe wao.

"Mzee," akaniambia, "nasikia wewe ulisoma na mapadri. Hii Kispanyoli unajua?"

Nilimjibu kwamba Kihispania ni Kilatini kilichovua kanzu. Kweli tupu. Hakuuliza kama niliwahi kukutana nacho baada ya kuvua.

Ameahidi kutia sahihi udhamini wetu siku atakayorudi salama kutoka Entebbe. Asiporudi salama, alisema, hatakuwa na mkono wa kutia sahihi. Tukapeana mikono, tukiwa bado nayo.

Perpétue, mke wangu, alikuwa akichambua maharage. "Baba Bisimwa, weye umejua Kihispania tangu lini?"

Nikamwambia: tangu saa tisa.

Jumatano, 16 Julai.

Somo la kwanza, nyumbani kwa Obwona. Vifaa: karatasi moja. Ilichanwa kutoka kitabu cha padri mmoja Mhispania aliyepitia seminari yetu ndogo akielekea kufa kwa homa. Kwa miaka arobaini imekuwa alama ndani ya kitabu changu cha sala, nami sikuwahi kuisoma. Ina kitenzi kimoja, temer, kilichonyambuliwa katika nyakati zote na hali zote, mbele na nyuma. Maana yake ni kuogopa. Sikukichagua mimi. Alichagua aliyechana.

Natumia njia ya katekisimu, ambayo kwa maoni yangu haijapata kushindwa. Mwanafunzi husimama. Mikono kifuani. Mwalimu anauliza, mwanafunzi anatoa jibu zima kwa pumzi moja. Akikwama, anaanza tangu mwanzo. Haruhusiwi kusimama katikati. Katikati ndimo uzushi unamoingilia.

Yo temo, tú temes, él teme. Naogopa, unaogopa, anaogopa. Obwona alikwama mara kumi na nne kwenye "tunaogopa".

Nilimwonya kwamba kitenzi hiki ni cha kulainisha ulimi tu. Asithubutu kukitamka mbele ya mgeni. Kwa mgeni ipo salamu, nayo nitamfundisha kwa wakati wake. Yaani nitakapoijua.

Ijumaa, 18 Julai.

Acan, mke wa Obwona, husaga simsim barazani wakati wa somo. Leo alisema bila kuinua uso, "Wewe Obwona, umeruka moja." Ni kweli aliruka. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa ameliona na kulisamehe.

Tulipitia nyakati. Uliopo aliushika upesi kuliko nilivyotarajia. Ujao vilevile. Uliopita aliutamka kwa hisia. Hali ya masharti, "ningeogopa endapo", ilimtatiza. Aliuliza hayo masharti yako wapi, maana yeye hajaona mtu akiwekewa. Hali ya kuamuru haikuhitaji mwalimu. Ni polisi.

Ndipo Acan akauliza, "Mwalimu, hii maneno yote maana yake nini?"

Nikaeleza. Aliacha kusaga. Alicheka mpaka akaliweka jiwe chini. "Sasa hiyo unatufundisha ya nini? Hiyo darasa sisi tulishapasi!"

Obwona akaenda kufunga dirisha. Nikaona kuna dirisha la pili, nikalifunga mimi.

Jumapili, 20 Julai.

Emile amenigundua. Emile ni Mkongo mwenzangu; ana mashine ya kuchapa kadi za harusi mtaa wa pili, na katika Misa husoma waraka kwa pua, ili tusisahau kwamba alisoma Kifaransa miaka miwili. Kibali chake kinakwisha siku moja na changu. Amekwenda kwa Obwona na hoja kwamba Mhispania yeyote mwenye adabu anajua Kifaransa, na kwamba mimi sijui Kihispania hata cha kuombea maji.

Jioni tukaitwa wote wawili. Emile alitoa mfukoni mkebe mtupu wa dagaa wa kizungu wenye maandishi ya Kihispania. Alitaka niusome mbele ya mashahidi. Niliupokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Sardinas lilikuwa jepesi. En aceite likafuata. Nikakumbuka Kilatini, acetum, siki ya Msalabani. Nikatangaza: dagaa katika siki.

Acan akaingiza kidole ndani ya mkebe, akakilamba. "Mafuta," akasema.

Nikaeleza kwamba Wahispania huita mafuta yao siki kwa ajili ya unyenyekevu, hasa wakati wa Kwaresima. Obwona, aliye Mkristo wa Pasaka na Noeli tu, alivutiwa sana na habari hiyo. Emile aliondoka na mkebe wake, akisema kwa Kifaransa jambo ambalo nitamwombea msamaha.

Nimebaki na mwanafunzi wangu. Mungu huwatetea wanyofu.

Alhamisi, 24 Julai.

Obwona sasa anakisoma kitenzi chote, mbele na nyuma ya karatasi, kwa dakika nne, bila kukwama. Acan anakisoma kwa tatu, akisaga.

Kasoro moja ndogo. Nikimuuliza "tuliogopa" ni nini, hawezi kulitoa peke yake. Anaanza tangu "naogopa", anapita vituo vyote, na anapofika hapo hashuki. Anaendelea hadi hali ya kuamuru, akihema. Ni kama mtu anayetaka kufika Wandegeya kutoka Katwe, naye hana budi kurudi kuanzia Ggaba kule ziwani. Perpétue, niliyemweleza jambo hili kwa fahari, aliuliza kama huyo ni mwanafunzi au gramafoni. Mwanamke hakupitia seminari.

Salamu nimeipata: buenos días. Nimepewa na mwanafunzi wa chuo aliyeisikia katika sinema ya wapanda farasi. Obwona aliishika mara moja. Hilo lilinitia wasiwasi. Kinachoshikwa bila kukwama hakina mizizi.

Jumamosi, 26 Julai.

Obwona aliondoka alfajiri, viatu vikimeta. Nimesali rozari mara tatu. Perpétue amefunga masufuria kwa kamba. Nilimwambia kwamba huko ni kukosa imani. Akaniambia kwamba imani anayo; kamba ni ya masufuria.

Saa kumi. Landrova ya polisi imesimama mlangoni petu. Askari wawili. Wanasema Bwana Ongom, mkubwa wa Obwona, anamtaka mwalimu sasa hivi. Emile amesimama mbele ya duka lake, amevua kofia, kama apitapo marehemu.

Perpétue ananiletea sweta. "Vaa, Baba Bisimwa. Kule hawana blanketi."

Naacha hapa.

Jumapili, 27 Julai.

Nimerudi.

Ofisini kwa Bwana Ongom nilimkuta Obwona amesimama wima, mikono kifuani. Nikajua papo hapo kilichotokea. Alipoona ndege, alisema, salamu ilimtoka kichwani yote. Katibu wa ujumbe, mzee mwembamba mwenye miwani, akasimama mbele yake akingoja. Bendi ikanyamaza. Bwana Ongom akamkazia macho. Na Obwona, askari mtiifu, akafunga mikono kifuani, akaanza: naogopa, unaogopa, anaogopa.

Alipofika "wanaogopa", wakubwa walipiga makofi wakidhani ni mwisho. Haukuwa mwisho. Hajui kusimama katikati. Mimi mwenyewe nilimkataza. Akaingia wakati uliopita. Tulikuwa tukiogopa. Waliogopa. Mzee yule akavua miwani. Kufikia wakati ujao midomo yake ilikuwa ikicheza. Kufikia hali ya masharti walikuwa wakisoma pamoja, sauti moja, kama watoto wawili wa komunyo ya kwanza, huku machozi yakimtoka yule mgeni. Kisha akawatazama wenzake aliokuja nao, waliokuwa wamesimama nyuma yake na miwani myeusi. Akanyamaza ghafula. Obwona akamalizia amri peke yake.

Bwana Ongom aliuliza askari huyu amesema nini. Mgeni akajibu kwa Kifaransa, na afisa mmoja wa uwanja akafasiri: hajawahi, katika nchi yoyote, kupokewa kwa ukweli namna hii.

Kwa hiyo nikaitwa. Si kwa ajili ya blanketi. Bwana Ongom alinipa mkono, akaniuliza nilimfundisha kijana huyu kwa muda gani. Nikasema siku kumi. Akasema wazungu huchukua miaka mitatu. Nikainamisha kichwa, kwa kuwa kumpinga mkubwa ni dhambi ndogo.

Obwona alipumua kwa mara ya kwanza tangu Entebbe.

Jumatano, 30 Julai.

Kibali kimetoka, siku moja kabla ya lori. Sahihi ya Obwona, mhuri wa Bwana Ongom. Jina langu, jina la Perpétue. Chini yake mstari mmoja kwa mkono: halali maadamu mwenye kibali anafundisha Kihispania katika chuo cha polisi. Askari ishirini na wawili. Kuanzia Jumamosi.

Perpétue aliusoma mstari huo mara mbili. Alisema kwamba hiki si kibali, ni mtego wenye mhuri. Niende nikaseme ukweli kwa Obwona wakati moyo wake ungali laini, atatafuta njia. Nilimwambia kwamba ukweli una majira yake.

Mchana mgeni mwenye miwani alituma mtu. Anaondoka Ijumaa. Aliuliza kama mwalimu angependa aletewe kitabu kizima cha sarufi, chenye vitenzi vyote, pamoja na kamusi, zawadi yake mwenyewe. Nilijibu kwa barua fupi ya Kilatini kwamba namshukuru, lakini sisi tunacho chombo kilichokamilika. Heshima ya kazi haina budi kulindwa. Mwalimu hapokei kitabu mbele ya mjumbe, kama mwanafunzi.

Perpétue alitoka kwenda kupalilia mchicha kwa nguvu isiyo ya lazima.

Jumamosi, 2 Agosti.

Darasa la kwanza chuoni. Askari ishirini na wawili, mikono kifuani, sauti kama ngurumo. Naogopa, unaogopa, anaogopa. Raia waliokuwa wakipita barabarani walibadili upande. Kwa mwaka wa kwanza kitenzi kimoja kinatosha. Mwaka wa pili tutakirudia.

Nina msaidizi. Emile alikuja juzi, kofia mkononi, siku ya mwisho ya kibali chake, akasema kwamba amesikia nahitaji mtu wa kufuta ubao. Nilimwacha asimame kidogo, kwa faida ya roho yake. Kisha nikaandika jina lake chini ya langu, na Obwona akatia sahihi. Leo alifuta ubao vizuri, ila kwa madaha. Baada ya kipindi aliniuliza kwa sauti ya chini tutafanya nini siku atakapokuja mtu anayekijua Kihispania. Nikamwambia kwamba hofu hiyo ndiyo iliyomrudisha nyuma maishani.

Obwona hayupo darasani. Amepandishwa cheo, na sasa ni mtaalamu; wataalamu hawahudhurii masomo. Acan amemwambia kila jirani kwamba cheo ni chake yeye.

Wakati wa kuondoka Bwana Ongom alinisindikiza mpaka langoni kwa mkono begani. Alisema mwezi Oktoba watapokea wageni kutoka Uarabuni, na vijana wake hawajui neno. Je, mwalimu anakijua na Kiarabu?

Nilifikiri kwa utulivu unaonipasa. Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Na katika Kiebrania ninayo Amina, Aleluya na Hosana.

Nimeomba nipewe hadi Alhamisi.