Suti Inayopumzisha Miguu

Jumatatu, 3 Juni
Kamati imenitolea macho. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, asiposhinda mbio za Jumamosi, ukocha wangu wa klabu anapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji! Mtu ambaye dawa yake ya kila kitu ni kulala. Wanariadha humwita Bwana Pumzika, naye hucheka. Mimi nimesoma vitabu hadi macho yameingia ndani. Yeye kasoma nini? Ratiba ya mpira!

Lakini silaha imefika. Suti nyeusi ya kubana, nyuzi zake hupokea joto la mwili na kulirudisha kwenye misuli kwa miale ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho. Ukilala nayo, miguu huamka mipya. Muuzaji kaapa.

Suti inapumzisha, basi binti hahitaji kupumzika. Nimefuta mapumziko yote ya wiki. Ajabu watengenezaji wenyewe hawakuliona hili.

Jumatano, 5 Juni
Mlimani asubuhi, uwanjani jioni. Mpwa analalamika mapaja yanauma. Nikamuuliza kama analala na suti. Kasema ndiyo mjomba, huku akitazama viatu vyake. Basi hayo maumivu ni miale ikifanya kazi! Nimemwongezea mlima.

Shemeji kapita, mikono mfukoni. Kasema, shemeji, mwache mtoto wa watu apumue. Nikamjibu kwamba waoga wa sayansi walikuwepo tangu moto ulipogunduliwa. Akauliza, kwani moto nao ulivaliwa? Wanariadha wakacheka. Wote wamekimbia mizunguko ya adhabu.

Ijumaa, 7 Juni
Mpwa kashuka ngazi kinyumenyume, kashikilia ukuta. Mke wangu kasema mtoto akiumia, nitajieleza mwenyewe kwa dada yangu. Dada yangu! Huyo haitishi kikao, anashika mwiko wa ugali. Kwa dakika moja nilitaka kumpumzisha binti. Nikamwona shemeji sebuleni anakunywa chai yangu. Mazoezi yakaendelea.

Jumamosi, 8 Juni
Kaongoza hadi kona ya mwisho. Nilishapanda juu ya kiti. Kisha miguu ikagoma, palepale. Akapitwa na wote, hata na yule ambaye kiatu kilimchomoka njiani. Shemeji ndiye aliyembeba. Nimevuliwa filimbi shingoni mbele ya watu. Shemeji hata hakuringa. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Ukweli! Nimeikuta suti nyuma ya jiko. Paka wetu mzee, yule kilema, kailalia. Mpwa kakiri: ilimwasha tangu alipoivaa mara ya kwanza, akaogopa kuniambia, akampa paka. Mke wangu kasema, haya, umejifunza?

Nimejifunza! Maana palepale paka kilema kainuka, kajinyoosha, karuka ukuta. Karuka! Ukuta ambao tangu aumie huutazama tu. Ushahidi gani tena? Mke wangu anasema kulikuwa na mbwa. Mbwa anahusikaje na sayansi?

Kesho nakata rufaa kwenye kamati. Nakwenda na paka.