Stakabadhi Chini ya Mlango wa Kasiani

Jumatatu, 6 Februari 1956
Leo saa nne asubuhi, mbele ya majirani, nimepoteza shilingi sitini na heshima yangu. Karani wa kodi, Bwana Revelian, alikaa barazani kwangu hapa Chang'ombe akauliza mwaka jana nimeuza vitanda vya shilingi ngapi. Elfu tatu. Wateja walikuwapo, ningekana vipi? Mbao je? Elfu moja na mia nane. Akataka stakabadhi. Sina hata moja. Akasema, basi fundi, bila karatasi elfu tatu yote ni faida. Daraja la juu, shilingi sitini. Nisipolipa kabla ya mwezi kwisha, cherehani ya mke wangu Hamisa itauzwa.

Kumbe kodi inafuata faida. Mie nilidhani inafuata mbao.

Jumanne, 7 Februari
Niungame hapa tu. Mwaka mzima nilimtaka Akberali, muuza mbao, aandike stakabadhi zangu kwa jina la Kasiani, seremala wa ng'ambo ya barabara. Mwenye mbao nyingi ndiye atakayebanwa, nilijisemea. Kila mwezi nikazipenyeza mwenyewe chini ya mlango wake.

Leo nimemwomba Akberali aandike upya. Akasema ameandika nilivyotaka, tena nilimsimamia kuangalia herufi.

Jumatano, 8 Februari
Leo karani alikuwa kwa Kasiani. Kauza vitanda vya elfu mbili na mia tisa. Toa mbao zake, elfu moja. Toa zangu. Faida: shilingi mia. Daraja la chini kabisa.

Anatangaza kwamba ana malaika wa stakabadhi. Akaniuliza, fundi mwenzangu, humjui? Nikainama kutafuta msumari ambao haukuanguka.

Hamisa alikuwa dirishani, anashona. Foronya nne. Nilizihesabu.

Alhamisi, 9 Februari
Nimepata njia. Kasiani amefaidi mbao zangu, nusu ya alichookoa ni haki yangu, cherehani itapona. Nimemwandikia barua, kila kitu wazi: nani aliandika, kwa jina la nani, kwa nini, sahihi yangu chini. Bahasha senti tano, sikununua. Bwana Revelian alikuwa anapita upande ule, nikampa amfikishie.

Sasa saa tisa. Namwona karani kasimama katikati ya barabara, anasoma. Asome upesi, aifikishe. Nataka jibu moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa kumi.