Malalamiko Kuhusu Wimbo wa Sufuria na Wanamuziki Wenye Babu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Sanaa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa kuwa ni ndefu na sikusudii kuifupisha. Mimi ni mkaguzi wa shule mstaafu. Naishi ghorofa ya pili pamoja na mjukuu wangu, ambaye mchana hutoa fotokopi katika duka lililo mkabala na posta, na saa zinazobaki ni mwanamuziki anayejitegemea, yaani hana kampuni wala meneja. Wiki tano zilizopita gazeti lako lilichapisha makala inayowafundisha wanamuziki wa aina hiyo namna ya kujitangaza mtandaoni. Mjukuu wangu aliikata kwa mkasi, akaibandika kwenye mlango wa friji, na tangu siku hiyo ameitii kuliko alivyowahi kunitii mimi. Madhara yake ni haya yafuatayo.

1. Makala inashauri kwamba kabla wimbo haujatoka, msanii arushe kipande cha sekunde kumi na tano ili watu wabaki na hamu. Wimbo wenyewe unaitwa "Rudisha Sufuria". Unamhusu mwanamke aliyempa jirani yake sufuria kwa siku moja, ikapita miezi. Kipande kinaishia pale anapoubisha mlango wa jirani. Nimekisikia asubuhi, mchana na jioni, na hadi naandika sijui kama mlango ulifunguliwa. Fundi viatu aliye chini ya ngazi zetu hunisimamisha kila nikipita: "Mzee, sufuria imerudi?" Nikimjibu kwamba sina habari, husema, "Unatuficha tu. Si mnakaa nyumba moja?" Nilimwuliza mjukuu wangu kwa upole. Akanijibu, "Utasikia Ijumaa, Babu, kama watu wote."

Ndugu Mhariri, wimbo huo ulirekodiwa ndani ya kabati langu la nguo. Makoti yangu ndiyo yaliyozuia mwangwi. Nilikwenda kwenye mkutano wa wastaafu nimevaa sweta, ili ubeti wa tatu usiharibike. Halafu naambiwa nisubiri kama watu wote.

2. Makala inashauri pia kwamba msanii aonyeshe maisha yake ya kawaida, kwa kuwa mashabiki hupenda kumjua mtu kabla ya kuupenda wimbo wake. Maisha ya kawaida ya mjukuu wangu, kwa bahati mbaya, ni mimi. Alinipiga picha za video nikichonga penseli kwa wembe, huku yeye akipiga gitaa upande wa pili wa meza. Watu elfu nne waliitazama. Sina ugomvi na penseli, ilichongwa vizuri. Ugomvi wangu ni fulana, ambayo ina tundu begani. Katika mkutano uliofuata, mwenyekiti wetu wa wastaafu, ambaye kwa miaka kumi na moja hajaweza kulikumbuka jina langu, alisimama akasema, "Karibu, Babu Penseli." Wajumbe wakapiga makofi. Katibu ameliandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu zimeshapitishwa.

3. Hili ndilo zito. Makala inamtaka msanii ajibu maoni ya kila mtu. Nilipoona hali inazidi, niliamua kuutahadharisha umma. Nilimwomba mjukuu wangu anifungulie akaunti, akaifungua upesi kuliko alivyowahi kunichemshia maji ya kuoga. Hapo nilipaswa kushtuka. Kwa siku tisa niliandika chini ya video zake maonyo sitini na manne, kila moja likiwa na utangulizi, hoja na hitimisho, nikieleza kwamba wimbo ambao haujakamilika masikioni mwa msikilizaji ni kero kwa jamii. Watu walinipinga. Niliwajibu wote, kwa kuwa kutomjibu mtu aliyekuandikia ni utovu wa adabu. Mmoja aliniuliza, "Babu, huna kazi?" Nilimjibu kwa aya tatu, akaniomba radhi, na sasa hunijulia hali kila asubuhi.

Kila nilipoukemea wimbo, uliwafikia watu wengi zaidi. Nilidhani ni hitilafu, nikaongeza kukemea. Siku ya tisa mtandao ulinitunuku nishani ya Shabiki Bora. Nilimpelekea mjukuu wangu simu nikitaka maelezo. Akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Babu, ule mtandao hausomi," akasema. "Unahesabu tu. Ukisifu, umehesabiwa. Ukitukana, umehesabiwa. Na wewe ukianza kugombana na watu huachi."

Nimefanya ukaguzi kwa miaka thelathini na miwili, Ndugu Mhariri. Sijawahi kuona mkaguzi ambaye taarifa zake hazisomwi bali hupimwa kwa kilo.

4. Baada ya hapo nilinyamaza siku mbili. Ukimya wangu nao una malalamiko yake. Wasikilizaji walipungua, na mjukuu wangu alikaa mezani ameilaza simu kifudifudi, haimbi, anang'oa gundi ya karatasi kwenye kucha zake. Ndipo aliponieleza jambo ambalo makala yako haikuliandika. Msimamizi wa ukumbi wa mtaa, ambako anaomba kutumbuiza, amemwambia, "Wafuasi wa kwenye simu siwajui. Niletee majina ya watu mia watakaokuja, nikupe Jumamosi moja." Majina hayo yanatakiwa kufikia mwisho wa mwezi. Yasipotimia, atakwenda kwa shangazi yake, mji mwingine, kuwa karani wa stoo ya vigae, na gitaa litabaki juu ya kabati langu. Ameshaahidi. Shangazi mtu ameshamwandalia chumba.

Makala inasema orodha ya watu wako mwenyewe ni bora kuliko maelfu wa kupita. Kwa hiyo ametundika daftari nje ya mlango wangu, na kwenye video ametoa anwani. Tangu hapo mlango unabishwa kutwa. Amekuja fundi viatu. Amekuja muuza magazeti. Amekuja yule niliyemwandikia aya tatu, na kumbe ni mwanamke wa makamo, mpimaji wa ardhi, aliyesafiri kwa basi kuja kutia sahihi na kunitazama usoni. Mimi, mtu niliyestaafu kwa amani, nasimama mlangoni nikiwahimiza wageni waandike kwa mwandiko unaosomeka, kwa kuwa msimamizi wa ukumbi akishindwa kulisoma jina hatalihesabu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo yatekelezwe bila kuchelewa. Gazeti lako liikanushe makala hiyo. Mitandao iagizwe kuhesabu lawama katika safu yake, mbali na sifa. Maneno yote ya "Rudisha Sufuria" yachapishwe katika ukurasa wako ili wananchi wajue hatima ya chombo hicho na warudi kwenye shughuli zao. Na kwa kuwa mwenye kampuni ana ofisi ya matangazo, ilhali asiye na kampuni ana babu, itungwe sheria ya kumzuia mwanamuziki yeyote anayejitegemea asiwe na babu. Waliokwisha kuwa nao wapewe muda wa mpito. Ikiwa sheria hiyo itaonekana kali, niko tayari kukubali kwamba wasiwe na babu mwenye kabati.

Nisalimie mpiga chapa wako, nisalimie pia msahihishaji, ambaye nikilisoma gazeti naona kazi imemwelemea. Wasalimie wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mwandishi wa makala naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa hati yangu mwenyewe,

Mkaguzi wa Shule Mstaafu
(ajulikanaye kwenye kumbukumbu za kikao kama Babu Penseli)

Tanbihi: Wimbo unatoka Ijumaa saa nne asubuhi. Barua hii ikitoka Jumamosi haitamsaidia mtu, hivyo naomba itoke Alhamisi, tena upande wa juu wa ukurasa, mbali na matangazo ya vifo. Usiikate sehemu yoyote inayoutaja wimbo. Anwani yetu nimeiandika nyuma ya bahasha. Ichapishe kamili, pamoja na namba ya ghorofa, kwa sababu daftari lina majina tisini na mawili na mwezi umebakiwa na siku sita. Msimamizi wa ukumbi ameuliza kwa nini jina la kwanza limeandikwa tarehe ya siku moja kabla daftari halijatundikwa mlangoni. Nimemjibu kwamba daftari nililinunua mimi.